Datsun 240Z ya Safari Rally mezani: rangi ya maji, ya mafuta au ya laka?

Anayeanza kupaka rangi modeli za plastiki huuliza swali moja kabla ya mengine: ninunue rangi gani? Mara nyingi anajibiwa kwa jina la kampuni. Aliyezoea Tamiya atamwambia Tamiya, na aliyekulia kwenye vikopo vya Humbrol atamwapia kwamba hakuna kama Humbrol. Majina hayo yana uzito wake, lakini si pa kuanzia. Kinachozitenga rangi hizi ni kile kinachoziyeyusha: maji, spiriti nyeupe au thina kali. Ukilijua hilo, umeshajua rangi itachukua muda gani kukauka, kama itaila plastiki, na kama inaweza kukaa juu ya rangi nyingine bila kuiharibu. Na kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, umeshajua pia kama rangi yenyewe itakubaliwa kupanda ndege.

Ili tusizungumze hewani, nachukua modeli moja. Hasegawa ya Japani ilitoa kwa skeli ya 1/24, yaani kila kipimo kikiwa sehemu moja ya 24 ya gari halisi, Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally ya 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na msaidizi wake Hans Schüller. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta, Mkenya mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z nyingine, na huo ukawa wa kwanza kati ya ushindi wake mitano katika mashindano hayo. Naipenda gari hii, na ninaichagua pia kwa sababu ina kila aina ya kazi: bodi nyekundu ya kung'aa, boneti nyeusi isiyong'aa, chumba chenye vifaa vidogovidogo, stika za namba na wadhamini, na mwishowe vumbi na matope ya barabara zetu wenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema: hakuna aina moja ya rangi itakayoimaliza gari hii vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayekushauri ununue akriliki tupu au laka tupu anakunyima nusu ya uzuri wa kazi. Swali la kujiuliza ni rangi ipi iende wapi, na kwa zamu gani.

Zinatofautianaje

Rangi za maji ni akriliki. Vallejo ya Hispania ndiyo inayojulikana zaidi: vichupa vya kudondoshea, harufu ndogo mno, brashi inaoshwa kwa maji ya bomba. Ukiigusa baada ya dakika chache imeshakauka, lakini haijaishika plastiki sawasawa. Bila praima chini yake, yaani rangi ya msingi ya kushikia, ukucha tu unaweza kuibandua. Tamiya nao wana akriliki, zenye herufi X kwa zinazong'aa na XF kwa zisizong'aa, ila hizo ni za namna nyingine. Zina alkoholi ndani yake, zinashika zaidi, na huzimuliwa kwa X-20A, thina yao wenyewe, au kwa alkoholi ya isopropili. Usizichanganye aina hizi mbili kwa kuwa zote zimeandikwa akriliki. Alkoholi ikiingia kwenye Vallejo, rangi inagandamana na kuziba kila kitu. Nayo Tamiya ukiipaka kwa brashi na kurudia palepale, mpako wa pili unaulainisha wa kwanza na kuukokota.

Rangi za mafuta ni enameli: Humbrol kutoka Uingereza, Revell kutoka Ujerumani, zote katika vikopo vidogo vya mililita 14. Huzimuliwa kwa spiriti nyeupe, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pamoja na rangi za milango. Zinahitaji saa kadhaa ndipo ziguswe, na siku nzima au zaidi ndipo zipakwe tena. Uvivu huo ndio sifa yake kubwa, kwa maana michirizi ya brashi inapata muda wa kujilaza kabla rangi haijakaza.

Laka ni kali zaidi. Hapa ndipo walipo Mr. Color wa GSI Creos, vichupa vya LP vya Tamiya, na makopo yao ya kupulizia ya TS. Thina yake inauma plastiki kidogo, ndiyo maana ikishakauka haibanduki. Inakauka kwa dakika, inakuwa ngumu, inavumilia msasa wa maji na kung'arishwa. Mvuke wake lakini si wa kuvutwa, na hilo nitalirudia.

Kuna kanuni ya kupandanisha ambayo ukiishika utaepuka hasara nyingi: laka chini, akriliki katikati, enameli juu. Ukipulizia laka juu ya enameli, thina inapenya na kuuvimbisha mpako wa chini, na uso wote unakunjamana mbele ya macho yako. Enameli juu ya laka au akriliki iliyokauka haina neno, kwa sababu spiriti nyeupe haina nguvu ya kuziyeyusha hizo. Kazi yote ya matope, tutakayoifikia, imesimama juu ya jambo hilo moja.

Bodi nyekundu

Nyekundu ni rangi yenye usumbufu. Haifuniki vizuri, kwa hiyo kilicho chini yake kinaonekana. Ukiipaka juu ya praima ya kijivu inazama na kuelekea hudhurungi. Juu ya nyeupe inachangamka, ingawa inadai mipako mingi kingoni. Juu ya waridi inafika haraka na inakuwa na joto. Praima laini ya Tamiya ya kopo ipo kwa rangi hiyo ya waridi, na kwa gari nyekundu sioni sababu ya kuchukua nyingine.

Kuupata wekundu wenyewe kuna njia tatu, na hapa ndipo penye uamuzi mkubwa wa fedha.

Ya kwanza ni brashi na enameli. Inawezekana, na kuna watu wa zamani wanaoifanya kwa ustadi wa kustaajabisha. Unahitaji brashi pana ya nywele laini, rangi iliyozimuliwa, mipako miwili au mitatu, na uvumilivu wa siku kati ya mmoja na mwingine. Adui ni vumbi. Katika nyumba zetu zenye madirisha wazi mchana kutwa, rangi inayobaki mbichi kwa saa nyingi inakusanya kila kinachopita, hivyo lazima bodi ifunikwe kwa kontena la plastiki lililopinduliwa mara tu unapoinua brashi. Kwa kifaru au ndege ya vita isiyong'aa matokeo yanaridhisha kabisa. Kwa gari sivyo. Jicho linapotazama gari hutafuta mwanga ukiteleza juu ya paa, na mchirizi mmoja wa brashi unaukata mwanga huo. Akriliki ya maji ya kung'aa kwa brashi ni ngumu zaidi hata ya enameli, kwa kuwa inakauka kabla haijajilaza.

Ya pili ni kopo la kupulizia, yaani laka iliyokwisha kuzimuliwa na kutiwa shinikizo kiwandani. Katika orodha ya TS ya Tamiya, TS-8 ni nyekundu nzuri kwa gari hii. Kopo lina mililita 100, na kwa bodi ya 1/24 hutalimaliza. Halitaki mashine wala umeme. Linataka mkono usiosita: anza kupulizia kabla ya kufika kwenye bodi, pitisha, na uachilie kitufe ukiwa umeshaivuka, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Mipako ya kwanza iwe ukungu tu, hata kama plastiki bado inaonekana. Ukungu huo unatoa uso wa kushikia. Kisha ndipo unaleta mpako mzito unaolowa na kung'aa. Anayetaka kufunika yote kwa mara ya kwanza ndiye anayeona rangi ikichuruzika kwenye madigadi.

Ubaya wa kopo ni kwamba linamwaga rangi nyingi. Mistari ya milango ya 240Z ni myembamba, na praima, nyekundu na vanishi zikirundikana mlango unageuka kuwa mchoro tu juu ya ukuta. Dawa ipo kabla ya rangi: chukua kisu cha modeli, geuza wembe, na upitishe ule mgongo wake kwenye mstari mara tatu nne bila kukandamiza. Utaona kijinywele cha plastiki kikijikunja mbele ya wembe. Hicho ndicho kina unachokitafuta. Zunguka mlango mzima, kisha buti, kisha boneti.

Ya tatu ni brashi ya hewa, kifaa cha mkononi kinachopulizia rangi, pamoja na kompresa, mashine ya kukibania hewa. Inanyunyizia chembe ndogo kuliko kopo, unatawala upana wa mstari kwa kidole, na mistari ya milango inabaki wazi. Kwa kazi ya jumla tundu la milimita 0.3 linatosha, la 0.2 ni la michoro midogo na huziba kwa wepesi. Shinikizo la psi 15 hadi 20 ndilo la kawaida, na rangi inazimuliwa mpaka ikitikiswa iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa. Hapa unaweza kutumia familia yoyote kati ya hizo tatu, na hilo ndilo linaloifanya ipendwe. Gharama yake haiishii kwenye kununua, maana kila unapobadilisha rangi unaisafisha, na usipoisafisha vizuri sindano inaganda.

Kompresa ndogo za meza zinazoletwa kwa ajili hii hufanya kazi kimyakimya, lakini kagua volti kabla ya kulipa. Japani hutumia 100 na Marekani 120, na ukichomeka ya huko kwenye umeme wetu bila transfoma umeiua. Aliye na kompresa ya gereji, ile ya kujazia upepo matairi, anaweza kuitumia. Inapiga kelele, ila mtungi wake mkubwa unatoa hewa isiyotikisika. Lazima uifungie kirekebisha shinikizo na kichujio cha maji, hasa pwani, kwa sababu hewa iliyobanwa inadondosha maji ndani ya mpira na tone moja likitua kwenye boneti kazi imeharibika.

Uamuzi wangu kwa bodi hii: kopo. Mtu anayetengeneza gari moja au mawili kwa mwaka hana haja ya kununua mashine ili apate nyekundu moja. Brashi ya hewa ianze kuwazwa pale unapotaka ndege zenye mabaka ya rangi yanayofifia kingoni, au rangi ambazo hazitengenezwi kwenye kopo. Hapo hakuna mbadala.

Kwa boneti nyeusi mizani inageuka. Magari ya rali yalipakwa boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudie dereva machoni, na kwa weusi wa namna hiyo akriliki inaishinda laka. XF-1 ya Tamiya kwa brashi ya hewa inakaa nyembamba na haiisumbui nyekundu iliyo chini. Kwa asiye na brashi ya hewa, TS-6 ya kopo inafaa, mradi nyekundu imekauka siku moja au mbili na mipako iwe ya ukungu. Tepu ya kufunikia inayouzwa kwa mafundi wa nyumba ina ukingo wenye nyuzinyuzi, na rangi inajipenyeza humo. Kama huna tepu ya njano ya Tamiya, ibandike hiyo ya kawaida kwenye kipande cha kioo, weka rula, na ukate ukingo mpya kwa wembe. Kioo kinaipunguzia pia gundi, isibandue rangi unapoitoa.

Ndani ya gari

Hapa sina mjadala mrefu: akriliki ya maji na brashi. Viti, zulia, dashibodi na mikanda ni vipande vidogo visivyong'aa, na unataka kubadilisha rangi kila baada ya dakika kumi bila kusubiri kesho. Enameli itakuchelewesha na laka itakuumiza kichwa. Brashi moja nzuri ya namba 1 yenye ncha kali inafanya zaidi ya ile ya namba 000, maana hiyo ndogo inabeba rangi kidogo inayokauka kabla haijafika kwenye kipande. Kwa joto la pwani, tengeneza kibao chenye unyevu: chombo bapa chenye kifuniko, sponji iliyoloweshwa, na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi inabaki hai kwa saa nyingi. Kwenye vioo vya mita za dashibodi, dondosha tone la vanishi ya kung'aa kwa kijiti cha meno. Ikikauka inakuwa kioo chenyewe.

Stika na mistari

Stika za maji, zile zinazoloweshwa ili ziachane na karatasi yake, hutaka uso unaong'aa. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini yake na unaona weupe wa fedha ambao hauondoki. Nyekundu ya TS inang'aa tayari, kwa hiyo milango haina tatizo. Boneti nyeusi, kama ina stika, ipake vanishi ya kung'aa kwanza mahali hapo, kisha uirudishie hali yake ya kutong'aa baadaye. Maji ya kulainishia stika, kama Micro Sol au Mr. Mark Softer, yataifanya stika ijikunje kwa dakika kadhaa. Usiiguse. Itajilaza yenyewe na kuingia kwenye mstari wa mlango. Vanishi ya TS-13 juu ya stika ni nzuri na ngumu, lakini ni laka: ikimwagwa nzito mara ya kwanza inaweza kuitafuna stika. Ukungu kwanza, subiri, kisha mpako mzito. Mwenye wasiwasi atumie vanishi ya akriliki na akubali kwamba haitang'arika kwa kina kile.

Kwa kuitia mistari kivuli, enameli haina mpinzani. Unagusa mstari kwa ncha ya brashi yenye enameli iliyozimuliwa sana, nayo inakimbia yenyewe kuufuata mfereji mpaka kwenye kona ya mlango. Baada ya robo saa hivi unafuta ziada kwa pamba ya masikio yenye unyevu mdogo wa spiriti nyeupe, na nyekundu ya laka haitikisiki. Akriliki iliyozimuliwa inakauka mapema na kuacha doa pembeni. Kwa gari nyekundu tumia hudhurungi iliyokolea badala ya nyeusi. Nyeusi inaifanya ionekane imechorwa kwa kalamu. Na usiyamwage maji hayo ya enameli kwenye plastiki tupu, hasa sehemu iliyobanwa kwa nguvu kama mhimili wa gurudumu: spiriti inapenya na plastiki inapasuka.

Vumbi na matope

Safari ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, hivyo gari moja liliweza kupita kwenye vumbi asubuhi na matope jioni. Wengi wanaopaka modeli hii huko Ulaya na Japani wanaimwagia hudhurungi moja ya kopo na kuiita Afrika. Sisi tunaijua ardhi hii, na napenda tuionyeshe ilivyo. Nyanda za juu za Kenya zina udongo mwekundu. Tambarare nyingi zina ule mweusi unaonata, ambao ukikauka unabaki wa kijivu na kupasuka. Juu ya bodi nyekundu, udongo mwekundu hauonekani kama uchafu, unaonekana kama rangi iliyochakaa. Ndiyo maana nashauri matope mazito chini yawe ya kijivu cha giza, na vumbi jembamba juu yake liwe la manjano iliyopauka, kisha wekundu uguswe kidogo tu nyuma ya magurudumu.

Vifaa ni vitatu: enameli za matope zinazouzwa tayari, kama za AK Interactive na Ammo za Hispania, poda za rangi, na udongo wenyewe wa nje ya nyumba.

Udongo halisi hauna gharama na rangi yake ni ya kweli. Tatizo lake ni chembe. Kwa skeli ya 1/24, punje ya milimita moja inakuwa jiwe la milimita 24, kokoto kamili iliyoning'inia mlangoni. Uanike au uukaange mpaka ukauke kabisa usije ukaota ukungu, uusage kwenye kinu, kisha uuchekeche kwa soksi ya nailoni. Kinachopita humo ndicho cha kutumia, ukichanganya na vanishi ya akriliki isiyong'aa. Hata hivyo utakuwa mweusi zaidi ya ulivyokuwa mkavu, na ukishashika umeshika, kuurekebisha huwezi. Mimi ninauweka mahali pamoja: chini ya madigadi na kwenye sehemu za chini za mfumo wa magurudumu, ambako matope ya kweli yanajazana kwa unene.

Kwa bodi, enameli. Zamisha brashi ngumu, ishike karibu na madigadi ya nyuma, na uipeperushe kwa kijiti cha meno ili matone yaruke kufuata uelekeo wa tairi, yaani kwenda nyuma na juu. Matone yaliyokwenda pasipotakiwa unayafuta kwa brashi yenye spiriti nyeupe, leo au hata baada ya saa kadhaa. Uhuru huo wa kufuta akriliki haikupi. Yale uliyoyaacha unaweza kuyavuta chini kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo, yakawa michirizi ya mvua. Anza na kidogo kuliko unavyodhani. Gari la Safari lina uchafu mwingi nyuma ya kila gurudumu na kwenye sehemu ya nyuma, ambako hewa inazunguka na kulibandika vumbi. Paa na vioo vya pembeni huwa na tabaka jembamba tu.

Tabaka hilo jembamba ni kazi ya poda. Inapakwa kavu kwa brashi laini, na inashika vizuri juu ya uso usiong'aa, kwa hiyo vanishi isiyong'aa iwe imeshapita sehemu hizo. Poda iliyopauka ina tabia ya kutoweka ukiitilia kimiminika cha kuishikiza, kisha kurudi nusu inapokauka. Usiongeze nyingine kwa haraka. Asiyezipata poda anaweza kukwangua pasteli kavu za kuchorea juu ya msasa, akapata unga unaokaribiana nazo.

Kioo cha mbele kinastahili subira yake peke yake. Kabla ya vumbi, kata tepu kwa umbo la upinde ambao waipa ingefagia, ubandike kwenye kioo, pitisha poda au enameli nyembamba sana, kisha utoe tepu. Picha za magari ya rali huonyesha pinde hizo mbili safi, na modeli inayokosa pinde hizo inaonekana kama gari lililonyunyiziwa uchafu likiwa limeegeshwa.

Mahali unapoishi kunaamua mengi

Rangi za mafuta, laka na makopo ya kupulizia husafirishwa kama mizigo ya hatari kwa kuwa zinawaka. Kwa namba za kimataifa za mizigo hiyo, rangi zinazowaka huandikwa UN 1263 na makopo ya shinikizo UN 1950, na wauzaji wengi wa nje hawazitumi kwa ndege kabisa. Usimwombe ndugu akuletee kwenye begi; rangi zinazowaka na makopo yake haviruhusiwi kwa abiria, na atanyang'anywa uwanjani. Akriliki za maji kama Vallejo hazina kikwazo hicho. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki asiye na duka karibu, hili peke yake linaweza kuamua familia ya kuanzia. Aliyeko Dubai, London au Toronto ana maduka ya modeli na hahitaji kuwaza hivyo.

Kuna njia ya nyumbani kwa laka. Mafundi wa rangi za magari huchanganya rangi kwa kulinganisha na sampuli, na nyekundu ya robo lita itakutosha modeli nyingi. Rangi hiyo ni kali kuliko TS, kwa hiyo ipite juu ya praima tu, kwa brashi ya hewa na kwa ukungu. Thina ya gereji nayo usiiguse kwenye plastiki tupu, inaiyeyusha. Iache kwa kusafishia sindano na kikombe. Jaribu kila kitu kwanza kwenye kijiko cha plastiki cha kutupwa, kile kigumu kinachovunjika kwa sauti, maana vingi vya aina hiyo ni polistireni ileile ya modeli. Kijiko kikiwa na nyufa ndogo kesho yake, rangi hiyo haifai.

Hali ya hewa nayo. Laka inapokauka inaupoza uso, na hewa yenye unyevu inaacha matone madogo ya maji juu yake, ndipo unapoona weupe wa ukungu kwenye nyekundu yako. Mombasa na Dar es Salaam wakati wa masika hilo ni la kawaida, kwa hiyo usipulizie mvua inaponyesha wala punde baada yake. Mr. Color wana thina inayochelewesha kukauka, na inasaidia sana kwa anayetumia brashi ya hewa. Joto la mchana lina kosa lake jingine: chembe zinakauka kabla ya kufika na uso unakuwa na vipele. Fanya kazi kivulini, jua likiwa halijakaza. Nairobi mwezi wa Julai shida ni kinyume, kopo ni baridi na linatema. Litie kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa dakika chache.

Kisha pumzi zako. Barakoa ya vumbi au ya hospitali haizuii mvuke wa thina. Inayohitajika ni ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na dirisha liwe wazi, na jiko la gesi liwe mbali. Anayeishi chumba kimoja na watoto asitumie laka ndani, hata kidogo, hata kwa dakika tano.

Kwa mtu huyo wa chumba kimoja, ningemnunulia hivi: praima ya akriliki, nyekundu ya kung'aa na vanishi ya Vallejo, brashi ya hewa ya milimita 0.3 na kompresa yake, na kikopo kimoja cha enameli ya hudhurungi kwa mistari, atakachokitumia dirishani. Mng'ao wake utakuwa hafifu kidogo kuliko wa laka, na matope yatausaidia. Mwenye ua au baraza yenye upepo achukue kopo la waridi, kopo la TS-8 na kopo la TS-13 kwa bodi, vichupa sita saba vya akriliki kwa ndani, na enameli mbili, moja ya mistari na moja ya vumbi. Kompresa ataifikiria modeli yake ijayo ikiwa ni ndege.